Hita ya gari inapuliza hewa baridi: nianzie wapi kabla ya kushusha dashibodi?

Mkazi wa Njombe:
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninatumia gari dogo la petroli lenye mshale wa joto kwenye dashibodi, na siku za kazi huondoka Njombe kabla hapajapambazuka kwenda Makambako. Mlioko huku mnaijua baridi ya Juni na Julai: pumzi za abiria zinaganda kwenye kioo cha mbele, na dereva anabaki kufuta kwa kitambaa huku lori linakuja mbele yake. Feni ya hita inazunguka vizuri katika spidi zake zote, lakini hewa inayotoka ni baridi, na huwa vuguvugu kidogo tu gari likiwa limesimama. Fundi mmoja ameniambia kwamba hita yote imekufa na ni lazima dashibodi ishushwe. Kabla sijaingia gharama hiyo, naomba ushauri wenu.

Fundi wa Mafinga:
Usikubali dashibodi ishushwe kwa sasa. Vishikizo vya plastiki vilivyozeeka huvunjika hata kwa fundi mwenye mkono mwepesi, na ukishavunja vitatu vinne, dashibodi italia kwenye kila tuta mpaka utakapouza gari.

Hita ya gari la petroli haina moto wake yenyewe. Huazima joto la maji yanayopoza injini, ambayo hupita katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa kupitia hapo. Kwa kuwa feni yako ni nzima, linalobaki kujua ni kama maji ya moto yanafika kwenye hiyo rejeta ndogo.

Asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta kubwa utazame maji yenyewe. Usiridhike na chupa ya akiba, kwani inaweza kuwa imejaa ilhali rejeta imepungua. Ukikuta yamepungua, tafuta yanakopotelea kabla ya kuendelea. Zulia la upande wa abiria likiwa na unyevu, au kioo kikiingia ukungu wenye harufu tamutamu, rejeta ya hita inavuja.

Baada ya hapo endesha mpaka injini ipate joto, weka hita kwenye moto wa mwisho, kisha uguse kwa tahadhari ile mipira miwili inayoingia ndani kupitia ukuta ulio nyuma ya injini, ukiweka mikono mbali na feni na mikanda. Ikiwa yote miwili inaunguza, maji yanafika, na kosa liko kwenye kibao kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi au kwenye waya unaokivuta. Mmoja ukiunguza na mwingine ukawa baridi, rejeta ya hita imeziba kwa kutu, au kuna hewa iliyonasa. Tueleze pia mshale wa joto unasimama wapi unapopanda mlima na unapoteremka.

Mkazi wa Njombe:
Nashukuru sana, fundi. Maji yamejaa, ila yana rangi ya chai. Mipira yote miwili ina uvuguvugu unaolingana, wala hakuna unaounguza. Mshale hukaribia katikati ninapopanda au ninaposimama, lakini kwenye mteremko mrefu huanguka hadi karibu na alama ya baridi. Aliyeniuzia gari alinidokeza kwamba liliwahi kuchemsha kwenye mlima wa Kitonga.

Dereva wa Igawilo:
Ndugu yangu, hapo umejijibu. Gari lako ama halina themostati, ama inayo na imekwama ikiwa wazi. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yafike nyuzi joto 80 na ushei. Isipokuwepo, upepo wa alfajiri wa Njombe hupoza injini kuliko inavyohitaji, hasa mguu ukiwa haupo kwenye mafuta. Gari likichemsha Kitonga, dawa ya barabarani huwa ni kung'oa themostati na kuitupa, na mwenye gari huambiwa kwamba "nchi zetu za joto" hazina haja nayo. Njombe na joto wapi na wapi! Injini isiyopata joto lake hula petroli zaidi na huchakaa mapema, kwa hiyo hasara yako si ya vidole pekee.

Mpaka litakapotengenezwa, washa AC pamoja na hita na uchague hewa ya nje badala ya ile inayozunguka ndani. AC hukausha hewa, na kioo kitafunguka hata kama miguu itaendelea kuganda.

Fundi wa Mafinga:
Naungana na mwenzangu, na ninaongeza jambo la mfuniko. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mfuniko mzima wa rejeta hushikilia presha na kukipandisha kiwango hicho. Mpira wa mfuniko ukilegea, gari huchemsha mlimani na themostati hubeba lawama. Tena, katika injini nyingi themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji, kwa hiyo kuing'oa kunaweza kuzidisha kuchemsha. Nunua vyote viwili, vyenye namba zinazolingana na za injini yako.

Kabla ya kufunga, mwaga hayo maji ya rangi ya chai, suuza rejeta ya hita kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa kutokea, kisha ujaze kulanti (dawa ya maji ya kupoza injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Themostati ikiwa na kitundu chenye kipini, kielekee juu ili hewa ipite. Unapojaza, gari lielekee mlimani ili mdomo wa rejeta uwe juu, hita iwe kwenye moto wa mwisho, na injini iungurume polepole kuanzia ikiwa baridi hadi mapovu yaishe na mpira wa juu wa rejeta upate moto kwa ghafla. Mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma, zima injini, ulipeleke gari ikapimwe gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku.