Wikendi ya klabu ya magari ya zamani kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa: msafara mmoja, makundi madogo au trela?

Katibu_Safari:

Wakuu, habari za jioni. Nyumba ya wageni imekubali. Vyumba vyote 11 ni vyetu kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na ua wa mawe tumeachiwa wote kwa ajili ya magari. Wiki iliyopita nilikwenda kuuona. Nyumba ilijengwa enzi za magari ya kukokotwa na farasi: unaingia kwa lango la tao, pete za chuma za kufungia farasi bado zimo ukutani, na kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye maji ni hatua kama thelathini. Nilisimama pale nikaziona kichwani Peugeot 504, Beetle na Land Rover zimejipanga chini ya zile pete. Tangu siku hiyo sijatulia.

Sasa tuamue namna ya kufika. Magari 16 yameandikishwa, na nimebaki na njia tatu mezani.

Ya kwanza ni barabara kuu, kilomita 170, msafara mmoja kama mwaka jana. Ya pili ni barabara ya zamani, kilomita 230, inayopanda mlima hadi kama mita 1,400 kisha inateremka na kuzunguka ziwa. Huko twende makundi ya magari manne manne. Ya tatu ni kuyapakia kwenye trela magari yenye hali tete, mengine yaendeshwe.

Naegemea ya pili, na nitasema wazi kwa nini. Mwaka jana tulitoka magari 14 kwa mstari mmoja. Taa ya kwanza ya barabarani ilitukata vipande viwili, taa ya pili vipande vinne. Mbele tukadhani wote wapo. Morris Minor ya mwenzetu ilichemsha, ikabaki pembeni dakika arobaini bila yeyote kati yetu kujua. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara, boneti wazi, chupa ya maji ya kunywa mkononi, anasubiri injini ipoe ili aongeze maji. Hakulalamika hata kidogo. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama usoni. Sitaki irudie.

Tupeni maoni.

MzeeWaGia:

Katibu, nakuheshimu, ila barabara kuu bado ndiyo salama. Imenyooka, ina bega pana la kuegeshea, na gari likiharibika lori la kuvuta linafika upesi. Ile barabara ya zamani naijua. Kupanda ni kilomita 12, kushuka ni 9, na sehemu nyingi za kushuka huna pa kusimama. Nusu ya magari yetu yana breki za dramu, zile zinazobana ndani ya ngoma badala ya diski, magurudumu yote manne. Dramu zikipata moto mfululizo unakanyaga pedali na gari haliitikii. Mwaka jana kosa lilikuwa la mpangilio tu, tusiisingizie barabara.

FundiKabureta:

Shikamoo Mzee. Kwenye breki uko sahihi kabisa na nitalirudia. Ila barabara kuu nayo si rafiki wa magari haya. Morris yenye injini ndogo ya cc 803 ukiipeleka kilomita 80 kwa saa kwa saa mbili mfululizo, umeipigisha kelele njia nzima, na bado malori yanakupumulia shingoni. Beetle ina balaa lake pia: haina rejeta, inapozwa na feni, na mkanda unaozungusha feni ndio huohuo unaozungusha dainamo inayochaji betri. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji inawaka. Wengi wanaiona taa ile wanadhani ni habari ya betri, wanaendelea kwenda. Wenye Beetle wote, nawaomba: taa ile ikiwaka, zima injini hapohapo. Na mkanda wa akiba uwe kwenye gari pamoja na spana yake.

Sasa mlima. Kila ukipanda mita 300, maji huchemka kwa joto pungufu kwa nyuzi moja hivi. Juu kabisa, kwa mita 1,400, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta ulio mzima unakuokoa, kwa sababu unabana mgandamizo ndani na kupandisha kiwango cha kuchemka. Mfuniko ukiwa na mpira uliokauka, umepoteza kinga yote hiyo bila kuona tone likivuja. Ni kifaa kidogo, kibadilishwe kabla ya safari.

Lingine la mlimani ni petroli kuchemka ndani ya mpira kabla haijafika kwenye kabureta. Injini inakohoa, inazima, na pampu inasukuma mvuke mtupu. Hapo huna haja ya kufungua chochote. Simama, fungua boneti, weka kitambaa chenye maji juu ya pampu na mpira wake, subiri.

Na kushuka: Mzee amesema dramu, mimi naongeza mafuta ya breki. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishanyonya kikomo kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inazama hadi sakafuni. Kwa hiyo kila gari linalokwenda njia ya pili libadilishwe mafuta ya breki. Kisha shuka kwa gia uliyopandia: kama ulipanda kwa gia ya pili, teremka kwa ya pili. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, acha zipoe. Usiziburuze.

Mgeni_504:

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mgeni klabuni, nina Peugeot 504 ya 1979 niliyoachiwa na baba. Imekaa gereji muda mrefu, injini inaunguruma vizuri na tairi zina kashata nzuri, hazijaisha. Je, naruhusiwa njia ya pili? Sijawahi kuiendesha zaidi ya kilomita 30.

FundiKabureta:

Karibu sana mdogo wangu, na hongera kwa kulitunza gari la mzee. Kabla ya mengine yote, chuchumaa kando ya tairi na tochi. Tafuta pale ubavuni palipoandikwa herufi DOT, halafu ufuate maandishi hadi mwisho. Utakuta tarakimu nne ndani ya kijisanduku. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2318, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, usitoke nalo hata getini. Mpira huzeeka hata ukiwa umesimama gereji. Angalia pia upande wa ndani, kwa sababu nyufa ndogondogo huanzia pale usipopaona. Na spea usiisahau, mara nyingi ndiyo kongwe kuliko zote.

Mgeni_504:

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Mbele zote mbili 3405. Nyuma 1106. Spea ina tarakimu tatu.

FundiKabureta:

Basi badilisha zote tano. Najua ni gharama na najua zinaonekana nzima. Nakuomba kama kaka: usimpakie mtu kwenye gari hilo hadi uzibadilishe. Ukishafunga mpya, fanya safari ya kilomita 100 mchana na mtu mwingine akiwa nyuma yako, kisha tuambie.

DadaUsukani:

Nasemea trela, maana naona watu wanalipita haraka kama jambo la aibu. Gari langu limetoka kwa fundi wa bodi mwezi huu baada ya miaka mitatu. Breki zake bado zinazoeana. Nataka Jumamosi lizunguke ziwa pamoja na yenu, na sioni haja ya kulipandisha mlima likiwa hivyo. Kulileta kwenye trela ni kulipenda, wakuu.

Ila kwa anayepakia: uzito mwingi kidogo ukae mbele ya ekseli za trela, upande wa gari linalovuta. Uzito ukielemea nyuma, trela linaanza kutikisa mkia kwenye mwendo, na likishaanza hulizuii kwa kukanyaga breki kwa pupa. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani wima. Kila baada ya kilomita chache za mwanzo simama ukaze mikanda, kwa sababu gari linatulia kwenye springi zake na mikanda inalegea.

Katibu, lile lango lina upana gani? Trela litageuka uani?

Katibu_Safari:

Nililipima kwa futi ya chuma: upana mita 2.4, na juu kwenye kilele cha tao mita 2.6. Pembeni tao linashuka, hapo ni kama 2.1. Trela halitageuka ndani. Mtashushia kwenye uwanja wa nje kisha gari liingie lenyewe. Mwenye Land Rover yenye hema la paani, tafadhali pima kimo chako kabla hujafika.

Ziwani_Tena:

Nimeshalala na magari kwenye nyumba ya aina hii mara mbili, nawapa ya asubuhi.

Usiku hewa ya ziwa inapanda. Asubuhi ukitoka, vioo vinatiririka maji, na ukifungua boneti unakuta kila kitu kina jasho. Tulikuwa magari tisa, saba yakagoma kuwaka. Watu wakakimbilia kusukuma, wengine wakamaliza betri kwa kupiga stata. Mzee mmoja aliyekuwa nasi hakusema kitu. Alifungua klipu mbili za kofia ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, akaigeuza, akatuonyesha: matone madogo ndani, kama kioo kilichopumuliwa. Akapangusa ndani kwa kitambaa cha pamba, akapangusa nyaya za plagi moja moja, akarudisha kofia. Gari likawaka mara ya kwanza. Tukapita na kile kitambaa gari baada ya gari, na harufu ya petroli na majani mabichi ikajaa ua mzima. Naikumbuka asubuhi ile kuliko safari yenyewe.

Kwa hiyo vitambaa vikavu, viwe ndani ya nyumba usiku na si kwenye buti. Pia kila gari lije na trei au kadibodi nene ya kuweka chini ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mawe ya ua wa zamani yananyonya oili na doa halitoki tena. Wametuamini kwa ua wao, tuuache kama tulivyoukuta. Na madumu ya petroli yasiingie ndani ya nyumba hata kwa dakika moja, jengo lina mbao juu hadi chini.

Nami nachagua njia ya pili. Mahali kama hapa panafaa kufikiwa taratibu. Pale Villa d'Este, kwenye Ziwa Como huko Italia, hoteli ya tangu 1873 ndani ya jumba la 1568, magari yalianza kushindanishwa kwa uzuri mwaka 1929, na hadi leo yanapangwa kando ya maji. Gari la zamani, jengo la zamani na ziwa vinaelewana.

Pointi_na_Plagi:

Wanaoogopa mlima wakumbuke safari ndefu ya kwanza kabisa ya gari. Agosti 1888 Bertha Benz aliwachukua wanawe wawili, bila kumwambia mumewe, akaendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim kumwona mama yake, zaidi ya kilomita 100. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa huko Wiesloch. Mpira wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Kwenye miinuko watoto walisukuma, na kwa ajili ya miteremko aliomba fundi viatu amwekee ngozi kwenye breki. Aliporudi, gari likaongezewa gia ya kupandia mlima. Matatizo yake ndiyo haya tunayoyajadili leo, kupanda na kushuka. Aliyamaliza kwa kusimama na kushughulika, na kwenye msafara wa magari 16 unaokimbizana hakuna anayethubutu kusimama.

MzeeWaGia:

Nimesoma yote, nimesoma na ya Katibu mara ya pili. Mwaka jana aliyekuwa mbele ni mimi. Nilitazama kioo, nikaona taa za magari, sikuhesabu.

Naikubali njia ya pili kwa masharti haya. Kila kundi liwe na mtu mmoja anayejua ufundi na awe wa mwisho, asiwe wa kwanza. Mwendo uwekwe na gari dhaifu, nalo litangulie. Kila dereva awajibike kwa gari lililo nyuma yake: ukifika njia panda na humwoni, unasimama hadi umwone, na wa mbele yako atasimama kwa ajili yako. Hivyo hapotei mtu. Kileleni kila kundi lipumzike dakika 20, breki zipoe na maji yakaguliwe injini ikishatulia, na asifungue mtu rejeta ya moto. Ndipo tushuke.

Katibu_Safari:

Mzee, nimeyachukua yote kama yalivyo. Makundi manne, yanapishana dakika 15, la kwanza linatoka saa 3 asubuhi ili tushuke mlima mchana. Trela mbili zipite barabara kuu, DadaUsukani ataongoza. Mgeni_504, nafasi yako iko kundi la tatu mbele ya Fundi, ukishaleta habari za tairi. Mwenye Morris, nikuweke wapi?

Morris_52:

Kundi lolote linalokubali kilomita 50 kwa saa mlimani. Mfuniko wa rejeta nimeshabadilisha, na nimeziba palipokuwa panavuja kwenye pampu ya maji.

MzeeWaGia:

Mpe kundi la kwanza, atangulie. Nyuma yake niweke mimi.

Morris_52:

Shikamoo Mzee. Basi kesho nabadilisha balbu ya breki ya kushoto, inawaka hafifu. Nataka uione vizuri.