Tupeane uzoefu: nguvu zinazolingana na jozi ya Newton, wewe ulitofautisha lini?

Wakuu, kidato cha pili niliulizwa: kitabu chenye uzito wa niutoni 10 (niutoni ni kipimo cha nguvu) kimetulia mezani, jozi ya uzito wake kwa kanuni ya tatu ya Newton (kitu kikisukuma au kuvuta kingine, nacho husukumwa au huvutwa na hicho kwa nguvu ile ile kuelekea upande wa pili) ni ipi? Nikajibu kwa madaha: meza inakisukuma juu kwa niutoni 10. Nikala mkasi mwekundu. Miaka nilidhani mwalimu ndiye aliyekosea. Nyie mlielewa lini?

Mzee wa Gati: Mimi nilielewa nimeshalowa. Niliruka toka mtumbwini kwenda gatini, mtumbwi ukarudi nyuma, nikaishia majini. Nimeusukuma, nao umenisukuma. Vitu viwili, kila kimoja na msukumo wake, ndiyo maana nguvu hizo hazikufutana.

Kilo Sitini: Mimi niliingia na mzani kwenye lifti (msiniulize kwa nini). Dunia inanivuta kwa niutoni 600 hivi. Lifti ilipoanza kupanda, mzani ukasoma kilo 66, mwendo ulipotulia ukarudi 60, tukikaribia kusimama ukashuka hadi 54. Dunia haikubadili kitu. Kama msukumo wa mzani ungekuwa jozi ya uzito wangu, usingeweza kuuzidi wala kupungua, maana jozi hizo hulingana muda wote, hata lifti ikikata kamba. Jozi ya msukumo ule ni miguu yangu kuukandamiza mzani. Msukumo wa mzani ulikuwa sawa na uzito wangu pale tu lifti ilipokwenda kwa mwendo usiobadilika.

Mleta mada: Sasa jozi ya uzito wa kitabu changu iko wapi?

Chaki Nyeupe: Nafundisha somo hili. Kinachoponza ni jina: msukumo wa meza tunauita "riaksheni", neno lile lile la kanuni ya tatu, mwanafunzi anaukimbiza moja kwa moja kwa Newton. Siku hizi nawaandikisha sentensi, "Dunia inavuta kitabu", kisha wageuze: "Kitabu kinavuta dunia". Kitenzi kibaki kile kile. Meza imetajwa wapi hapo?

Mleta mada: Kitabu kinavuta dunia??

Chaki Nyeupe: Kwa niutoni 10 zile zile. Ila dunia ina tungamo la kilo 6 na sifuri 24 mbele yake, itatikisika saa ngapi?

Mzee wa Gati: Na mchezo wa kuvuta kamba? Kama kila upande unamvuta mwenzake sawasawa, mshindi anatoka wapi?

Kilo Sitini: Kwenye udongo, mzee. Anayeusukuma zaidi kwa miguu ndiye anayesukumwa zaidi. Sisi tulivaa ndala, tukaburuzwa na vijana wembamba wenye njumu.