Malkia wa vichimbakazi: riwaya za fantasia zimempamba au zimemharibu?

Chui_Mzee: Wakuu, mimi nasema wamemharibu. Kila riwaya ya fantasia ni yuleyule: mrembo wa kutisha, taji la miiba, ikulu ya barafu, na kabla kitabu hakijafika katikati keshampenda kijana wa kibinadamu. Malkia wa vichimbakazi kwenye ngano za Waskoti wenyewe hakuwa hivyo. Bessie Dunlop, aliyehukumiwa kwa uchawi mwaka 1576, aliiambia mahakama kuwa alipokuwa kwenye uzazi aliingia mwanamke mnene wa kawaida tu, akakaa naye kwenye benchi, akaomba kinywaji, akapewa, kisha akamwambia mtoto wake atakufa. Baadaye ndipo Bessie akaelezwa kuwa yule ni malkia wa Elfame, yaani nchi ya vichimbakazi. Bawa hana, taji hana. Nani anabisha?

MamaZuu: Nabisha mimi. "Mnene wa kawaida tu"? Kwa hiyo mnene hawezi kuwa mrembo wa kutisha? Nenda harusini siku moja uone nani anakalishwa mbele.

Kipanga: Mada haijapoa povu limeanza 😂 Chui, urembo haukuletwa na riwaya za juzi. Titania, malkia wa vichimbakazi wa Shakespeare, ni wa miaka ya 1590, na yule ni mungu wa kale wa Waselti. Mizizi ipo.

Msomi_Chakavu: Waselti gani tena? Jina la Titania liko kwa Ovid, Mrumi, anamwita hivyo mungu Diana, na mchawi Circe pia. Oberon, mumewe, naye katoka kwenye utenzi wa Kifaransa wa Huon de Bordeaux. Ukitaka mharibifu, ni Shakespeare: kampa malkia mume, mume kamtilia dawa machoni akampenda mtu mwenye kichwa cha punda, kisa apokonywe mtoto aliyekuwa anamlea. Kwenye Tam Lin, wimbo wa kale wa Waskoti, malkia hana mume wa kumwomba ruhusa.

Kipanga: "Gani tena" ndiyo lugha ya wasomi? Kila mada lazima utuletee Mrumi wako. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar na Mabepari wa Venisi, hii ya punda akaipita, nawe ungeipita tu.

Dada_Nungwi: Huo Tam Lin mmeusoma kweli? Malkia kamteka kijana, ndiye Tam Lin, na kila miaka saba vichimbakazi wanalipa kodi ya mtu kuzimu. Tam Lin anaogopa zamu hii ni yake kwa sababu ni mzuri na amenona. Janet, mpenzi wake mjamzito, anamvuta kutoka kwenye farasi usiku wa Halloween. Wanamgeuza nyoka, simba, chuma cha moto, Janet hamwachii. Malkia anafoka: angelijua, angemng'oa Tam Lin macho akamtia ya mti. Wivu wa mwanamke juu ya kijana wa kibinadamu, Chui, umo humo kwenye ngano. Hakuna riwaya iliyouongeza.

MamaZuu: AMENONA. Asante dada. Kumbe hata kuzimu wanajua kuchagua.

Chui_Mzee: MamaZuu, sikumtukana mtu. Unene uko kwenye kumbukumbu za mahakama, nimenukuu.

MamaZuu: Na "wa kawaida tu" iko kwenye kumbukumbu, au hiyo ni ya kwako?

Msomi_Chakavu: Hiyo ni ya kwake.

Chui_Mzee: Haya, mmekuja kundi zima. Mwanamke aliuawa kwa kesi ile, nyinyi mnacheka habari za vibonge.

Dada_Nungwi: Wewe ndiye uliyemleta marehemu ili umseme malkia. Halafu kuna Isobel Gowdie, wa Auldearn huko Uskoti, 1662, naye alikiri uchawi vilevile. Malkia wake alivaa kitani cheupe, kapendeza, akampa chakula mpaka kikamshinda kula. Kwa hiyo malkia wa kupendeza alikuwepo mahakamani pia, si vitabuni peke yake.

MamaZuu: Chakula mpaka kikushinde. Huyo ndiye malkia, wa barafu kaeni naye.

Kipanga: Lakini nijuavyo ukila chakula chao hutoki tena huko chini ya kilima wanakoishi. Isobel alirudije nyumbani?

Msomi_Chakavu: Sheria hiyo unaitoa wapi? Usiniambie Waselti.

Kipanga: Bibi yangu alisema vivyo hivyo kuhusu majini. Nawe bibi yako alikuwa Mrumi?