Babu namwekaje kwenye marejeo?

Binti_Kayenze
Shikamooni wakubwa. Nasoma ualimu mwaka wa tatu hapa Mwanza. Muhula huu tuna kozi ya elimu ya jadi, na tuliambiwa tukamhoji mzee: zamani watoto walifundishwaje kazi? Nikaenda Kayenze kwa babu, mvuvi wa dagaa, na maswali yangu kumi na mawili kwenye daftari.

Hakujibu hata moja. Alinipa sindano na wavu uliochanika, akasema, "Shona." Nikikosea hasemi kitu, anafumua. Kafumua mara nne! Ya tano akaiacha, ndipo akaanza kuongea mwenyewe: kwa nini mwezi ukipevuka hawaingii ziwani (dagaa hawafuati taa, mafuta ya karabai yanaungua bure), nani alimfunza kupiga kasia, alichapwa kwa kosa gani. Kuhusu upepo alinipa mambo mawili, kisha akasema, "Hilo la pili usiandike."

Nikajaza kurasa nane. Kazi imerudi na wino mwekundu: mzee si chanzo, tafuta kitabu. Kozi ya elimu ya jadi hiyo! Sasa babu namwekaje?

Mkutubi_Nyegezi
Mdogo wangu, mzee ni chanzo. Kwa mtindo wa APA wa kuandika marejeo, toleo la 7 la mwaka 2020, mazungumzo kama hayo unayataja ndani ya maandishi tu: jina, "mawasiliano binafsi", tarehe. Kwenye orodha ya mwisho hayaingii. Yaani kakaribishwa, ila anakalia uani.

Kanada chuo cha NorQuest, Edmonton, kina kiolezo kinachomwingiza mzee kwenye orodha yenyewe: jina, jamii yake, anakoishi, alichoeleza, tarehe. Kule watoto wa wenyeji walitenganishwa na wazazi wakapelekwa shule za bweni ili lugha zao zife. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyochunguza shule hizo ilitoa mapendekezo 94 mwaka 2015, na elimu imo. Mpelekee mhadhiri kiolezo hicho, kwa adabu. Na jina la babu liombee ruhusa kwanza.

Ngosha_wa_Igombe
Mimi ziwani naingia kila giza. Wazee nawaheshimu, ila upepo wa siku hizi natazama na utabiri kwenye simu. Usimpambe sana babu.

Mwl_Mstaafu
Mjukuu, mhadhiri akikuuliza jadi ina faida gani, mtajie ngitili. Malisho yanafungwa masika, yanafunguliwa kiangazi majani yakiadimika. Shinyanga ilikuwa imebaki vumbi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 ulipowarudisha watu kwenye ngitili, miti ikaota tena. Wataalamu walikuja kujifunza kwa wafugaji.

Binti_Kayenze
Asanteni. Nimempigia babu, jina karidhia. Hilo la pili nimeliacha. Halafu kasema ile ya tano nayo imefumuka, nirudi Jumamosi.