Turbo isiyotumia oili ya injini: ipigwe grisi lini, na kwa kiasi gani?

Swali

Ndugu zangu mafundi na wenye magari, salaam. Gari langu la petroli limefungwa turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi ili kisukume hewa ndani ya injini) isiyotumia oili ya injini, yaani ile ambayo beringi zake za kauri hupakwa grisi tangu kiwandani, haina bomba la kuingiza oili wala la kuirudisha, na hupozwa kwa mipira miwili ya maji. Imefungwa nyuma, chini ya buti, na nimeitumia kwa miezi 14 bila kuigusa. Wiki hii nimeanza kusikia mluzi mwembamba unaopanda kila ninapokanyaga mafuta. Ubavuni mwa turbo kuna tundu dogo lililozibwa kwa skrubu, nami nimekusudia kuchukua bomba la grisi, nitie grisi ile ile ya beringi za magurudumu mpaka ifurike, kama tunavyofanya kwenye viungo vya propela shafti. Je, ndivyo inavyotakiwa, na nirudie kila baada ya kilomita ngapi?

Jibu la 1

Ndugu, nakusihi uliweke chini hilo bomba la grisi, kwa sababu hatua uliyoikusudia inaweza kuua beringi ambazo pengine bado ni nzima.

Zingatia kwanza mwendo wenyewe. Mafundi wa beringi huzidisha kipenyo cha shafti kwa milimita na idadi ya mizunguko kwa dakika, na namba inayopatikana ndiyo inayowaongoza katika kuchagua grisi. Beringi ya gurudumu yenye kipenyo cha milimita 40, gari likiwa katika mwendo wa barabara kuu, huzunguka takriban mara 1,000 kwa dakika, na hivyo namba yake ni 40,000. Shafti ya turbo yenye milimita 8 ikizunguka mara 120,000 kwa dakika inatoa 960,000, ambayo ni mara 24 ya ile ya kwanza. Kauri ya silikoni naitraidi hutumika huko kwa kuwa uzito wake ni kama gramu 3.2 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali chuma kina karibu 7.8, kwa hiyo gololi hazijikandamizi kwenye ukuta wa nje kwa nguvu kubwa. Hata hivyo grisi ikizidi, gololi hulazimika kuisukuma na kuivuruga katika kila mzunguko, na uvurugaji huo huzalisha joto linaloitenganisha grisi na mafuta yake. Beringi ya mwendo wa namna hii hutakiwa kuwa na grisi isiyozidi theluthi ya nafasi yake, na mara nyingi chini ya hapo.

Aina ya grisi ina uzito ule ule. Soma kijitabu cha mtengenezaji na utumie aliyoitaja, si inayofanana nayo. Ikiwa ametaja ile nyeupe ya perfluoropolietha, fahamu kwamba haichanganyiki na grisi ya kawaida ya lithiamu. Zikikutana, beringi hubaki bila utando wa kuaminika, na dawa yake ni kufungua na kusafisha kila kitu. Unapoishika, osha mikono kabla ya kushika sigara, kwa maana masalia yake yakiungua hutoa moshi wenye madhara.

Kuhusu muda, kilomita ni kipimo dhaifu. Kanuni wanayoitumia watengenezaji wa beringi ni kwamba, kwa grisi za kawaida, joto la beringi likivuka nyuzi 70 za Selsiasi, kila ongezeko la nyuzi 15 hupunguza maisha ya grisi kwa nusu. Beringi inayofanya kazi kwenye nyuzi 100 itahitaji kuangaliwa mara nne ya ile ya nyuzi 70. Zipo pia turbo zilizofungwa moja kwa moja, ambazo hazipigwi grisi kabisa; kwa hiyo hakikisha kwamba hilo tundu ni la grisi na si la kitu kingine.

Jibu la 2

Naongeza neno juu ya maji. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa hakuna oili ya kuungua, hakuna haja ya kuiacha injini inguruma taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Moto wa upande wa eksozi husafiri kupitia shafti hadi kwenye beringi baada ya kuzima, na grisi haihami kama oili, huungulia pale pale. Kagua mipira yote miwili kwa urefu wake, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani husimamisha maji.

Jibu la 3

Mimi sina hakika kwamba kosa liko kwenye beringi. Mluzi unaokuja pale tu unapokanyaga mafuta mara nyingi ni hewa inayovuja kwenye mpira au klempu baada ya kompresa (upande wa turbo unaosukuma hewa), au gasketi ya eksozi. Beringi inayokufa huwa inakwaruza, na hukwaruza hata unapoachia mafuta.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, toa mpira wa kuingizia hewa, zungusha panga za kompresa kwa kidole, kisha uisukume shafti pembeni na mbele na nyuma. Ikizunguka laini na panga zisiguse nyumba yake, ziache beringi. Usiizungushe kwa hewa ya kompresa ya gereji, kwani itazidi mwendo ilhali hakuna kinachoizuia.

Muulizaji

Nashukuru sana. Panga zinazunguka laini bila kukwama, na hazina alama ya kugusa. Klempu moja ya mpira wa hewa imelegea, na kando yake pana mstari wa vumbi jeusi uliochorwa na upepo. Nimegundua pia kwamba mpira wa kurudisha maji umebanwa na kishikio cha eksozi hadi umekuwa bapa. Je, grisi niiache?

Jibu la 1

Badilisha huo mpira kwanza, utoe hewa yote kwenye maji, kisha ukaze klempu. Kwa kuwa hujui ni muda gani beringi zimefanya kazi bila kupozwa vizuri, usingoje muda wa kawaida wa kijitabu: tia grisi aliyoitaja mtengenezaji kwa sirinji, kwa gramu alizoandika yeye, huku ukiizungusha shafti taratibu kwa kidole ili isikae upande mmoja. Safari ya kwanza iwe ya mwendo wa pole, ufungue tena skrubu ya tundu baada ya wiki mbili, na ukikuta grisi iliyotoka imekuwa nyeusi au ina chembe zinazokwaruza ukiisugua kati ya vidole, itoe turbo na uipeleke kwa mwenye vifaa vya kubadilisha beringi.