Mjadala: Archimedes na lile taji, tunamtendea haki?

Wakuu, naleta hoja na najua kuna watakaonirukia. Mtaje Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, mbele ya yeyote aliyesoma fizikia ya kidato cha kwanza, atakachokumbuka ni mzee aliyechomoka bafuni uchi akipiga kelele "Eureka!" (nimepata!), eti maji yaliyomwagika bafuni yamemwonyesha jinsi ya kujua kama sonara aliiba dhahabu ya taji la mfalme na kujazia fedha. Mimi nasema hadithi hiyo inamshusha hadhi, tuache kuanzia nayo somo.

Anayeisimulia ni Vitruvius, Mrumi aliyeandika karibu miaka 200 baada ya Archimedes kuuawa katika mji wa Syracuse mwaka 212 KK. Kitabu cha Archimedes mwenyewe kuhusu vitu vinavyoelea hakitaji taji wala bafu.

Halafu pigeni hesabu. Taji lina kilo 1, sonara kachomoa gramu 300 za dhahabu, kajazia fedha. Dhahabu safi ya uzito huo ina ujazo wa sentimita za ujazo 52 hivi. Taji lililochakachuliwa, 65. Tofauti ni 13, vijiko vya chai viwili na nusu. Kwenye chombo chenye mdomo wa sentimita 20, maji yatapishana chini ya nusu milimita. Nani ataliona hilo kwa macho, na matone bado yananing'inia ukingoni?

Galileo, mwanasayansi wa Italia, alishalitilia shaka mwaka 1586. Yeye alitaka mizani: taji huku, dhahabu safi ya uzito uleule kule, zamisha vyote majini. Lililochakachuliwa linapanda, kwa kuwa maji yanalisukuma juu kwa gramu 13 zaidi, na mizani ya sonara haikosi kuziona. Hapo ndipo kanuni ya Archimedes (kitu kilichozama husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kinayoyahamisha) inapofanya kazi. Ya bafuni ni kupima ujazo tu, kanuni haina nafasi mle.

Mtasema watoto wanapenda vichekesho. Sawa. Basi wasimulieni jamaa aliyeubana mduara kati ya maumbo mawili ya pande 96, moja ndani na moja nje, bila kikokotoo, bila hata namba za desimali, akathibitisha kuwa pai ni zaidi ya 3 na 10/71 na pungufu ya 3 na 1/7. Ile 22/7 mliyoiandika kwenye kila mtihani ndiyo hiyo 3 na 1/7. (Na walimu wengi, samahani, hawaisemi.)

Anayetetea bafu aje na sufuria, maji na rula. Atupe vipimo vyake hapa.