MJADALA: Umaskini Zanzibar utatolewa na hoteli, au na mwani na karafuu?

Kisiwandui: Ndugu zangu, tujadili bila matusi. Umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa asilimia 30.4 mwaka 2014/15, ukashuka hadi 25.7 mwaka 2019/20. Ikaja korona, hoteli zikafungwa. Zikaja na fedha za ahueni, ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kwa Tanzania wa shilingi trilioni 1.3, huku Zanzibar tukapata kama bilioni 230. Watalii wamesharudi. Je, kumtoa mtu wa Micheweni, kule Pemba, katika dhiki, nguvu iende hotelini au baharini na mashambani?

Mchakamchaka: Hotelini. Mtalii mmoja anamlisha dereva, mvuvi na muuza madafu. Karafuu tunazo tangu enzi za masultani, zimetufikisha wapi? Na kina mama wa mwani ni wavivu wa kubadilika, wameganda na kamba zao za kufungia mwani tu.

Bi Paje: Wavivu? Umewahi kufuata maji ya bamvua, yanapokupwa sana, ukainama mpaka kiuno kikafa ganzi, ukatoka na kiroba kibichi kichwani? Mwani wa aina ya kotonii ndio wenye bei, na maji yalipopata joto ukawa unakufa. Tumebakiwa na aina nyingine, spinosamu, bei yake haishibishi mtoto. Kotonii sasa inataka maji ya kina kirefu, na huko kunataka boti na kujua kuogelea. Tubadilike kwa kitu gani, mwanangu?

Mchakamchaka: Sikusema wote, bibi. Na boti za faiba si zimegaiwa?

Bi Paje: Boti moja kwa kikundi kizima, na mafuta tujichangie wenyewe! Futa hilo neno wavivu.

MtotoWaWete: Mmesahau karafuu. Mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake, ukivusha gunia kwenda Mombasa wewe mhalifu kwa mali aliyopanda babu yako. Tunaambiwa mkulima anapata asilimia 80 ya bei ya dunia. Wanaipima wao, wanatutangazia wao.

Kiwengwa_Kwetu: Hata hizo hoteli, humo ndani wamejaa watu wa bara. Sisi tunabaki nje ya ukuta kuuza vikuku.

JumaTanga: Hapo umenigusa. Mimi wa bara, nilianza kwa kuosha sufuria usiku. Kazi ya baa mliikataa wenyewe, leo mnatuona wezi?

Kiwengwa_Kwetu: Kukataa kumimina pombe ni dini, kaka, usiitie kwenye uvivu. Kuna bustani, mapokezi, jikoni. Mbona huko pia hatuitwi?

JumaTanga: Lugha na vyeti. Someni.

MtotoWaWete: Someni! Pemba darasa limefurika watoto, wewe unasema someni?

Kisiwandui: Jamani, Micheweni...

JumaTanga: Na nyanya za hotelini zinavuka na meli kutoka bara kila siku. Nani kawakataza kulima?

Bi Paje: Mawe. Huku kusini mashariki ni maweni, jembe linagonga mwamba. Njoo ulime wewe, nikuone.